Costa ya shangazi na lita moja ya dizeli

Jioni moja katikati ya mwaka 2022 dereva wa shangazi yangu alifika nyumbani Moshi, akakaa ukingoni mwa kochi kama mtu aliyekuja kuposa, akasubiri chai iishe ndipo akafungua kinywa. "Mama, kwa hesabu hii siwezi kuendelea."

Shangazi ana Costa moja, basi dogo la Toyota, inayokwenda Moshi–Arusha. Ni ya zamani, injini yake ni ile ya dizeli ya 1HZ yenye silinda 6, ndugu wa injini zilizomo kwenye Land Cruiser nyingi za watalii huku kwetu. Mkataba wao ni ule ule wa biashara hii kila mahali: jioni dereva anakabidhi kiasi walichopatana, ndiyo hiyo hesabu, mengine yote yako mgongoni kwake. Mafuta yake, posho ya konda yake, ushuru wa stendi wake, faini ya trafiki yake. Kinachobaki ndiyo riziki. Mwaka ule kilikuwa hakibaki. Vita ya Ukraine ilikuwa imeanza Februari, bei za mafuta za EWURA, mamlaka inayosimamia nishati, zinazotoka kila Jumatano ya kwanza ya mwezi zilikuwa zinapanda tu, na hata baada ya serikali kuweka ruzuku ya shilingi bilioni 100 mwezi Juni, dizeli ilibaki juu ya shilingi 3,000 kwa lita. Dereva alikuwa anaomba hesabu ishuke kwa 20,000 kwa siku.

Shangazi ni mwalimu mstaafu na elfu 20 haimtoki hivi hivi. Alikuwa amesikia redioni kwamba Shirika la Kimataifa la Nishati, mwezi Machi mwaka huo, lilizishauri nchi zishushe vikomo vya mwendo kwenye barabara kuu kwa angalau kilomita 10 kwa saa ili mafuta yatoshe. Akaishika habari hiyo kama mtu aliyeokota funguo.

"Baba, wewe unakimbia sana. Punguza mwendo, hiyo elfu 20 utaikuta kwenye tanki."

Dereva akacheka kwa adabu. "Mama, nikitembea taratibu nitapata mafuta, lakini abiria sitawapata."

Shangazi akanigeukia. Mimi ndiye ninayemtunzia daftari, na kosa langu ni kwamba nilisoma fizikia hadi kidato cha 6. "Wewe pima. Nakupa wiki tatu."

Kikomo kilikuwepo tangu zamani

Kabla ya vipimo kuna jambo ambalo halipendezi kuliandika kuhusu gari la familia. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka gari la abiria au la mizigo lenye uzito unaozidi kilo 3,500 lisivuke kilomita 80 kwa saa, na kwenye makazi mwendo ni 50. Costa yetu ikijaa watu na vifurushi vyao, nakadiria tani 5 na nusu. Kwa hiyo shangazi hakuwa anabuni kikomo chochote. Alikuwa anaomba itiiwe sheria ambayo gari lake lilikuwa linaivunja karibu kila siku, kwenye uwanda wa njia panda ya KIA, ule uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, pale dereva alipokuwa ananyoosha mguu mpaka 95, na siku nyingine 100. Nilipomuuliza kuhusu tochi, vile vipima mwendo vya trafiki, alinitazama kwa huruma. Tochi zinajulikana zinapokaa, na zikihama, gari linalokuja mbele yako litakupigia taa.

Nilikaa kiti cha mbele na daftari siku mbili nzima nikiisoma barabara. Ni kilomita 80 hivi kutoka stendi hadi stendi. Ukitoka Moshi una Weruweru, unazama bonde la Kikafu na kupanda, unafika Kwa Sadala, halafu Bomang'ombe. Matuta, rasta (vile vituta vidogo vilivyopangwa mfululizo), bodaboda wanaokata barabara, vibao vya 50. Ukishaiacha Bomang'ombe panafunguka, na pale njia panda ya KIA unaona lami imenyooka mbele yako mpaka inatetemeka kwa joto. Halafu King'ori, Kikatiti, Maji ya Chai, Usa River, Leganga, Tengeru, na huko makazi yameshikana kiasi kwamba mgeni hajui kijiji kimoja kinaishia wapi. Kutoka Tengeru kuingia mjini ni njia nne, lakini nazo zina magari yake. Nikitoa yote hayo, kipande ambacho dereva anaweza kweli kuamua kati ya 80 na 100 kwa hesabu yangu hakizidi kilomita 35.

Mtu anayepigania mwendo huwa anapiga hesabu ya barabara nzima. Kilomita 80 kwa mwendo wa 100 ni dakika 48, kwa 80 ni saa kamili, basi umeokoa dakika 12. Lakini huwezi kwenda 100 katikati ya Usa River saa 4 asubuhi, labda uwe umechoka kuishi. Kwenye zile kilomita 35, mwendo wa 100 unakupa dakika 21 na mwendo wa 80 unakupa 26 na robo. Tofauti ni dakika 5. Dakika 5 zinapotea stendi Moshi wakati konda amekwenda kutafuta chenji.

Daftari

Siku za kwanza nilipima vibaya. Nilijaza tanki Moshi, nikajaza tena Arusha, nikaona gari limekunywa sana. Kurudi likanywa kidogo mno. Dereva alifurahi. "Unaona, mwalimu? Mwendo hauhusiki. Arusha yenyewe ndiyo inakula."

Alikuwa na haki. Moshi mjini iko kama mita 900 kutoka usawa wa bahari, Arusha iko kama 1,400. Kuinyanyua Costa ya tani 5 na nusu kwa mita 500 ni kazi ya megajuli 27. Lita ya dizeli ina kama 36, na injini ya namna hii inageuza theluthi hivi kuwa mwendo, nyingine inaondoka kama joto kwenye rejeta na ekzosi. Kwa hiyo lita 2 na ushee zinakwenda kwenye kupanda peke yake, hata ukienda kwa mwendo wa mkokoteni wa punda. Kurudi, mlima unakurudishia sehemu ya deni. Anayetaka kujua mwendo unakula kiasi gani lazima apime kwenda na kurudi, vinginevyo anapima mlima.

Kuanzia hapo tulijaza sheli moja, pampu moja, gari limeegeshwa pale pale. Dizeli inatoa povu. Pampu ikikata unaweza kudhani tanki limejaa kumbe ni povu, ukisubiri kidogo inaingia lita nyingine. Tulikuwa tunasubiri. Kijana wa sheli alituona vichaa.

Wiki ya kwanza dereva aliendesha kama alivyozoea. Mizunguko 2 kwa siku, siku 6, wastani ukawa lita 24 na nusu kwa kila kwenda na kurudi. Wiki ya pili alishika 80 kwenye uwanda, mengine yote yakabaki kama zamani. Wastani lita 23. Wiki ya tatu nilimwomba jambo ambalo lilimuudhi zaidi: kati ya tuta na tuta, na ndani ya vijiji, asipite 50, na akiona rasta mbele aachie mafuta mapema badala ya kwenda nayo mpaka puani halafu akanyage breki. Wastani lita 21.

Daftari si maabara. Ni gari moja, dereva mmoja, wiki tatu, na siku moja ya wiki ya pili tairi la nyuma lilikuwa limepungua upepo hakuna aliyegundua mpaka jioni. Siwezi kula kiapo juu ya nusu lita. Lakini mwelekeo ulikuwa wazi, na ulinishangaza mimi niliyeupima. Nilidhani akiba yote iko kwenye uwanda wa KIA. Kumbe sehemu kubwa ilikuwa Kwa Sadala na Maji ya Chai, mahali ambapo hakuna mtu anayefikiri kwamba anakwenda kasi.

Lita inakokwenda

Toa mkono dirishani gari likiwa 80, halafu utoe tena likiwa 100. Mwendo umeongezeka kwa robo lakini upepo unausukuma mkono kwa zaidi ya mara moja na nusu, kwa sababu msukumo wa hewa unakua kwa mraba wa mwendo. Costa ina uso mpana kama mlango wa ghala, hivyo msukumo huo inaujua vizuri. Hapo ndipo ilipo hoja ya wote wanaotaka vikomo vishushwe, na ni hoja ya kweli.

Ila hewa si mlaji pekee. Matairi yanakula, na ulaji wao hauongezeki sana kwa mwendo. Injini inakula kwa kujizungusha yenyewe. Nikivijumlisha vyote kwa makadirio, kushuka kutoka 100 hadi 80 kwenye kilomita 35 kunaokoa kama lita moja kwa safari moja. Dereva wetu alikuwa mtu wa 95 zaidi kuliko 100, kwa hiyo ile lita moja na nusu kwa mzunguko iliyoonekana kwenye daftari inaingia akilini.

Sasa tazama tuta. Kila mara Costa iliyojaa inapotolewa mwendo wa 15 na kupelekwa 70, inahitaji dizeli kama sehemu ya kumi ya lita, pungufu kidogo. Likifika tuta la pili, breki inaigeuza dizeli hiyo yote kuwa joto la pedi na ile harufu inayowafanya abiria wafungue madirisha. Fanya hivyo mara 11 tayari umekula lita nzima, sawa na kila kitu ulichookoa kwa kutii 80 pale uwandani. Na kati ya Weruweru na Bomang'ombe peke yake, ukihesabu matuta, rasta na abiria wanaosimamisha gari kila baada ya mita 200, mara 11 zinafika upesi. Lita unainunua sheli Moshi, unaiuza kwa breki Kwa Sadala.

Nguvu ya gari linalokwenda nayo inafuata mraba wa mwendo. Kulipeleka gari mpaka 50 badala ya 70 kunakula karibu nusu tu ya kile. Kwa hiyo kibao cha 50 pale kijijini, ambacho kila mtu anakichukulia kama kibao cha usalama wa wanafunzi, ndicho kibao cha mafuta kuliko kile cha 80. Sikuwahi kusikia mtu akikitetea kwa hoja hiyo.

Dereva alikuwa na mbinu yake ya kubana mafuta, na naitaja kwa sababu inaweza kuua. Kwenye kushuka Kikafu alikuwa anatoa gia, gari linateremka nyutro. Anaamini injini ikinguruma taratibu inakula kidogo. Ukweli ni kwamba gari likiteremka likiwa na gia, mguu ukiwa nje ya mafuta, pampu ya dizeli inakata mafuta kabisa kwa sababu magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiweka nyutro injini inaanza tena kunywa ili isizime, na umejinyima nguvu ya injini ya kulizuia gari. Unateremsha tani 5 na nusu kwenye bonde kwa breki peke yake. Hilo aliliacha siku ile ile, na hata kama vipimo vyangu vyote vingekuwa uongo, ningeridhika na hilo moja.

Nani alikula akiba

Tukarudi kwa shangazi na daftari. Kutoka lita 24 na nusu hadi 21, kwa mizunguko 2, ni lita 7 kwa siku. Tuseme dizeli ni 3,200. Hiyo ni shilingi 22,400. Dereva alikuwa ameomba 20,000.

"Si nilisema?" Shangazi alivua miwani akaiweka juu ya daftari kama mhuri.

Dereva hakubisha. Alimwita konda, naye akatoa daftari lake, lile dogo la mfukoni lenye mafuta ya vidole. Abiria wa njiani, yaani wanaopanda na kushuka katikati kwa elfu moja au elfu moja na nusu, wiki ya kwanza walikuwa kama 60 kwa siku. Wiki ya pili 48. Wiki ya tatu 35. Kwa nauli ya chini kabisa, wiki ya pili alipoteza 12,000 ili aokoe 9,600 ya mafuta. Wiki ya tatu alipoteza 25,000 ili aokoe 22,400. Alikuwa ameendesha vizuri kuliko wakati wowote maishani mwake na alikuwa amekwenda nyumbani na pesa kidogo zaidi.

Hapa ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa nimepima kitu kisicho chenyewe. Nilidhani dereva anakimbia ili kuokoa zile dakika 5, na dakika 5 hazimpi mzunguko wa tatu; mizunguko inaamuliwa na zamu ya stendi, na kusubiri gari lijaze kunaweza kula saa. Yeye hakuwa anashindana na saa. Alikuwa anashindana na gari lililo nyuma yake. Pale Kikatiti wamesimama watu wanne na ndoo ya maziwa. Wanapanda la kwanza kufika, la pili linakuta vumbi. Ukishika 80, Noah, kile kigari kidogo cha abiria cha Toyota, inakupita. Ukitembea 50 kati ya matuta, haisi nazo zinakupita, na kila inayokupita inachukua watu wako.

Abiria hawaongezeki kwa sababu magari yamekimbia. Wale wanne wa Kikatiti ni wanne tu. Magari yote yakikimbia 100, kila moja linapata wastani ule ule ambao lingepata yakiwa yote kwenye 80, isipokuwa yote yamechoma lita ya ziada kwa kila safari na yamebeba hatari ya ziada. Lakini la kwanza kupunguza peke yake ndilo linaloadhibiwa. Ushauri wa shangazi ulikuwa sahihi kwa barabara nzima na mbaya kwa Costa moja.

Na sheria yenyewe imeacha mwanya hapo hapo. Kile kikomo cha 80 kimeandikwa kwa magari yanayozidi kilo 3,500. Noah iliyobeba abiria 7 haifiki huko. Kwa hiyo wawili wanaogombea mtu yule yule pale Maji ya Chai, mmoja amefungwa mguu na mwingine hajafungwa, na yule aliyefungwa anaambiwa awe na nidhamu. Linganisha na mabasi makubwa ya Dar es Salaam, yenye kile kifaa cha LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kinachofuatilia mwendo wa kila basi. Ukiyafuata barabarani utaona yanaongozana kama mabehewa. Kifaa hakijawafanya madereva wale kuwa watu wema kuliko wetu. Kimewahakikishia kwamba wa nyuma naye amefungwa.

Waliojaribu kabla yetu

Marekani walijaribu kwa nchi nzima. Baada ya nchi za Kiarabu kuzuia mafuta mwaka 1973, Rais Nixon alitia saini Januari 1974 sheria iliyoweka kikomo cha maili 55 kwa saa, kama kilomita 88. Kilidumu, kikalegezwa mwaka 1987 kwa baadhi ya barabara za nje ya miji, kikafutwa mwaka 1995. Akiba ya mafuta ilitoka ndogo kuliko ahadi; makadirio mengi yanaangukia asilimia 1 au 2 hivi. Mtu aliyekaa kiti cha mbele cha Costa yetu hatashangaa: mafuta mengi yalikuwa yanachomwa mahali ambapo hakuna anayefika 88, na pale wanapofika, wengi hawakutii. Kilichoshuka kwa kishindo ni vifo vya barabarani, kutoka zaidi ya 54,000 mwaka 1973 hadi kama 45,000 mwaka 1974, ingawa mwaka huo watu pia walisafiri kidogo.

Hispania walishusha kutoka 120 hadi 110 mwezi Machi 2011, Libya ilipochafuka, wakabandika karatasi za 110 juu ya vibao vya zamani, na kufikia Julai wamezibandua. Ujerumani, kwa watu wasiopenda kuambiwa mwendo, waliwahi kuweka 100 kwenye barabara zao kuu kwa miezi michache ya baridi ya 1973 na 1974. Huwa wanaanza mafuta yakiadimika na kuacha yakirudi, jambo linaloonyesha walikuwa wanakitafuta nini.

Shangazi alizipenda hadithi hizi na akaenda mbali zaidi. Kama 80 ni nzuri, kwa nini isiwe 70?

Nikampigia hesabu. Kutoka 80 hadi 70 kwenye zile kilomita 35 unaokoa chini ya nusu lita, tuseme shilingi 1,300, na safari inaongezeka dakika 3 na sekunde 45. Zidisha kwa abiria 30: karibu saa 2 za watu kwa shilingi 1,300.

"Muda wao silipi mimi."

"Wala dizeli hulipi wewe, shangazi."

Alinyamaza, halafu akacheka mpaka miwani ikaanguka. Lakini hesabu hiyo inauma pande zote. Ukiipeleka kwenye 100 na 80, ni lita moja dhidi ya zaidi ya saa 2 na nusu za abiria wote kwa pamoja. Muuguzi anayekwenda zamu na mama wa ndizi anayewahi soko la Kilombero hawapewi hata tone la lita hiyo. Nauli ni ile ile. Mtu akiniambia tushike 80 kwa sababu ya mafuta tu, kwenye barabara hii, nitamwambia hoja yake ni nyepesi. Mimi naitaka 80 kwa sababu gari la tani 5 na nusu linalogonga kwa 100 linagonga kwa nguvu mara moja na nusu ya lile linalogonga kwa 80, na punda wa Kikatiti hawasomi vibao. Mafuta ni nyongeza ya muuza duka.

Kushusha 80 iwe 70 sioni faida yake. Ningependa kuona 80 ile ile ikiwa ya kila anayebeba abiria kwa nauli, Noah nayo ndani, na tochi ikae uwandani inakokimbiwa badala ya kujibanza kwenye kibao cha 50 ikisubiri mtu aliyechelewa kufunga breki. Matuta sigusi. Yanakula dizeli, lakini watoto wa shule wa Maji ya Chai wanavuka kwa sababu yapo.

Walichokubaliana

Shangazi alishusha hesabu kwa 10,000. Alisema anaishusha kwa ajili ya nyutro ya Kikafu, si kwa ajili ya bei ya dizeli, na mpaka leo sijaelewa kama alikuwa anatania. Dereva aliahidi 80, na sote watatu tulijua ahadi hiyo ina saa zake. Asubuhi, kuanzia saa 12 hadi saa 4, wakati njiani kuna watu na kila Noah ya Bomang'ombe iko barabarani, sijui mguu wake uko wapi na daftari langu haliulizi. Jioni ni mtu mwingine.

Mara ya mwisho nilipanda naye safari ya mwisho kutoka Arusha. Costa ilikuwa nusu, watu wamechoka, mtu mmoja nyuma anakoroma. Kikatiti aliachia mafuta mbali kabla ya tuta la kwanza, gari likajipunguza lenyewe, hakugusa breki. Tulipofika uwandani, Noah moja ikatupita kwa kasi, taa zake nyekundu zikawa ndogo, ndogo zaidi, zikazimika mbele kuelekea njia panda ya KIA. Akaangalia saa ya spidi. Akamwangalia konda. Konda alikuwa amelala, kichwa kimeegemea mlango. Sindano ikabaki kwenye 80.